Eti "marehemu Derek"! Yule mtangazaji wa usiku amenitibua nyongo

Wakuu, nimezima redio sasa hivi, mikono inatetemeka. Simtaji, mnamjua. Yule wa saa nne usiku anayekohoa kwanza ndipo aseme.

Kaweka gitaa la Eric Clapton, wimbo wa Derek and the Dominos, nyumba nzima kimya. Kisha akafungua mdomo: "Hii ni bendi ya marehemu Derek." MAREHEMU DEREK! Alizikwa lini? Nani alichimba kaburi? Hakuna Derek, wakuu! Hata kuzaliwa hajazaliwa! Ni Clapton mwenyewe kajificha nyuma ya jina, kachoka kuabudiwa.

Eti bendi ya Blind Faith ilipovunjika, "Derek akawaokota". Awaokote akina nani? Blind Faith ni ya 1969: Clapton na Ginger Baker wa ngoma wametoka bendi ya Cream, Steve Winwood katoka Traffic, Ric Grech katoka Family. Juni wakapiga Hyde Park, London, umati umefunika majani yote. Agosti wakamaliza ziara ya Marekani, bendi kwisha! Kule watu walikuwa wanadai nyimbo za Cream, Clapton akawa anakimbilia kwa kundi la Delaney na Bonnie, waliokuwa wanawatangulia jukwaani. Kwa hao ndiko walikotoka Whitlock wa kinanda, Radle wa besi na Gordon wa ngoma. 1970, bendi mpya, ndiyo hiyo Derek and the Dominos. Derek yuko wapi humo?

Nikapiga simu kumrekebisha. Hewani, nchi nzima inasikia: "Mzee, saa hizi ungekuwa umelala." Akakata. Akaweka tangazo la sabuni!

Ugali umenikwama. Kuku wamegoma kuingia bandani. Marehemu Derek!!!

Chuma Chakavu: Poleni wafiwa. Matanga yako wapi?

Dada wa Kona: Lakini mzee wangu, si ungelala kweli?

Besi Nzito: Wote mnaonea watu. Ginger Baker naye alianzisha bendi yake ya Air Force, Winwood na Grech wakamfuata, kisha akaenda zake Lagos akapiga na Fela Kuti. Nani anamtaja? Kila siku Clapton, Clapton!

Mtoa mada: Mkuu, uzi ni wa Derek. Kasema MAREHEMU.

Chuma Chakavu: Mungu amlaze pema.

Sikinde Damu: Wazungu wamevunja bendi yao zamani hizo, mnatoana roho hapa. Redio hiyohiyo inakata nyimbo za Sikinde, bendi yetu ya dansi, katikati! Sebene linaanza tu, tangazo.

Mtoto wa Msondo: Sisi wa Msondo, watani wenu, tunasema Sikinde nusu wimbo inatosha.

Sikinde Damu: Rudia ulichosema.

Mtoa mada: Jamani, Derek!

Mtoto wa Msondo: Nimesema inatosha. Hata nusu ni nyingi.

Dada wa Kona: Kabla hamjapigana, nani mwingine bando la wiki limemwishia leo? Nimenunua juzi!

Besi Nzito: Langu limekata nikiwa nimelala. Nani alilitumia?

Sikinde Damu: Hao wa mitandao ya simu ndio wa kufunguliwa uzi.