Nimeombwa kuwa Waziri wa Habari wa serikali ya wanafunzi na bado ninatangaza redio ya chuo. Nishike kipi?

Binti wa Ziwani

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za jioni.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya uandishi wa habari katika chuo kimoja cha Kanda ya Ziwa. Mwaka wa kwanza niliumaliza kati ya darasa, kimbweta (benchi la kujisomea nje) na kitanda. Nyumbani nilikuwa nimeonywa kwamba anayejiingiza katika mambo ya chuo huishia kufanya sapu, yaani mitihani ya marudio, nami nikashika wosia huo kiasi kwamba nilipata alama nzuri katika somo la kuandika habari bila kuwahi kumhoji mtu nisiyemfahamu. Upungufu wangu niliuona siku tulipotumwa sokoni kurekodi sauti za watu watatu. Nilisimama mbele ya mama muuza dagaa, simu mkononi, nikashindwa hata kumwamkia, mpaka yeye mwenyewe akaniuliza kama nimepotea.

Wiki ileile nilikwenda kujiandikisha katika redio ya chuo. Studio yetu ni chumba kidogo ambacho kuta zake zimebandikwa trei za mayai ili kupunguza mwangwi, na kati ya maikrofoni mbili zilizopo, moja imezungushiwa utepe mweusi wa mafundi umeme. Nilianza kwa kusoma matangazo ya vitambulisho na funguo zilizopotea, kisha nikapewa nusu saa kila Jumanne. Habari iliyofanya nijulikane ni ya maji. Hosteli ya wasichana ilikaa siku nne bila maji, nami nikarekodi foleni ya ndoo saa kumi na moja alfajiri kwenye simtanki moja lililokuwa limebaki, nikazungumza na waliokuwa wakikosa kipindi cha saa moja asubuhi kwa sababu ya foleni hiyo, halafu nikaenda kwa Mshauri wa Wanafunzi kutafuta majibu. Mara mbili niliambiwa nirudi kesho. Mara ya tatu nikajibiwa kwamba pampu imeungua na nyingine imeagizwa. Nilirusha sauti zote, za foleni na za ofisi, na pampu ikafungwa wiki iliyofuata. Tangu siku hiyo wanafunzi hunisimamisha njiani kunieleza mambo.

Sasa uchaguzi wa serikali ya wanafunzi umekwisha, na Rais mpya ameniomba niwe Waziri wake wa Habari. Kazi ni kuandika taarifa za serikali, kusimamia kurasa zake za mitandao na kuingia katika vikao na uongozi wa chuo. Kuna posho kidogo, na ameniambia sina haja ya kuacha kipindi changu cha Jumanne. Marafiki zangu wote wananiambia nikubali. Mtangazaji mwenzangu peke yake ndiye aliyenyamaza nilipomweleza, na ukimya wake ndio ulionileta hapa. Je, inafaa kushika vyote viwili? Na kama haifai, kipi kitanijenga zaidi katika fani hii?

Dawati la Mikoani

Marahaba, mdogo wangu. Nina miaka kumi na moja katika kazi hii, nami nakusihi usishike vyote viwili. Jiulize jambo moja tu: maji yakikatika tena, na safari hii ikawa serikali ya wanafunzi ilijua mapema ikakaa kimya, utampigia nani simu kuomba maelezo? Waziri wa Habari ni wewe.

Nakueleza yaliyonipata mimi nikiwa chuoni. Rafiki yangu aligombea urais, nami nikamwandikia hotuba na mabango, huku nikiwa mhariri wa gazeti la ukutani la idara yetu. Sikuona kosa, kwa sababu sikulipwa hata senti. Alishinda. Miezi michache baadaye mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza, kijana mpole sana, aliniletea risiti za fulana za wanafunzi wapya. Bei iliyokuwa kwenye risiti ilikuwa chini kabisa ya ile waliyochangishwa. Nilizipokea nikaziweka katikati ya daftari langu, nikajiambia kwamba kwanza nitazungumza na rafiki yangu faraghani. Nikazungumza naye, akaniomba nisubiri, nikasubiri wiki mbili. Yule kijana hakuwahi kurudi kuniuliza. Alichofanya ni kuacha kunisalimu, na baada yake hakuna aliyeniletea jambo lolote mpaka namaliza chuo. Zile risiti ninazo hadi leo.

Kazini mtihani huo utaukuta kila wiki kwa sura nyingine. Utaitwa kwenye mkutano na waandishi, na ukimalizika utapewa bahasha ambayo wengine wanaiita mshiko na wengine wanaiita nauli. Kanuni za maadili za Baraza la Habari Tanzania zimeligusa suala hili na suala la mgongano wa maslahi kwa jumla, lakini kanuni haikushiki mkono wakati bahasha ipo mezani. Anayejifunza kuisukuma bahasha hiyo akiwa chuoni, ambako gharama ya kukataa ni kununiwa tu, ana nafuu kubwa kuliko anayeanza kujifunza akiwa na kodi ya nyumba.

Mama Wawili, Dodoma

Naheshimu maelezo ya kaka hapo juu, ila sikubaliani na namna yanavyoufanya uwaziri uonekane kama mtego. Mimi nilikuwa Waziri wa Habari wa serikali ya wanafunzi, na leo ni afisa habari katika halmashauri. Wengi niliosoma nao darasa moja hawapo kwenye vyumba vya habari. Wapo kwenye taasisi za umma, mashirika na kampuni, wakiandika taarifa na kujibu maswali ya waandishi. Hiyo nayo ni kazi halali ya fani yetu, na ina ugumu wake.

Nakumbuka muhula mmoja bumu lilichelewa. Wakati huo fedha ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku, kabla haijapandishwa kuwa 10,000 mwaka 2022, na kwa mwanafunzi ambaye nyumbani hawana cha kumtumia, kuchelewa kwa siku kumi maana yake ni kula mlo mmoja. Watu walikuja mlangoni kwangu usiku, wengine wakilia. Waziri wa Mikopo alinitaka nitangaze kwamba fedha zitaingia Ijumaa, ili watu watulie. Nilimwomba karatasi inayosema hivyo, akawa hana. Nikaandika tangazo la mistari minne: tulichokijua, tusichokijua, nani tumemwandikia, na saa ngapi kesho tutatoa taarifa nyingine hata kama hakuna jipya. Ijumaa ilipita bila fedha. Kama ningetangaza ile ahadi, nisingeaminiwa tena mwaka mzima. Somo hilo sikulipata darasani, na sidhani kama ningelipata nikiwa nimeshika maikrofoni upande wa pili.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ukiutaka uwaziri uchukue kwa moyo mmoja, ila weka maikrofoni chini. Tangaza Jumanne ya mwisho, kwa sauti yako, kwamba unaondoka na kwa nini. Huyo Rais anayekuambia uendelee na kipindi anakutakia mema pengine, lakini pia anajua thamani ya nusu saa ya redio inayosomwa na waziri wake.

Mwalimu Mstaafu

Binti yangu, wenzangu wamesema mengi ya kweli. Naongeza jambo moja kutoka historia ya vyuo vyetu, kwa sababu naona hofu kwamba mwandishi akiwa mwanachama wa jambo lolote amekwisha kuharibika.

Novemba 1969 wanafunzi wa Dar es Salaam, pale Mlimani, walianza kutoa jarida lililoitwa Cheche. Lilikuwa la kundi la wanafunzi wanamapinduzi lililojulikana kwa kifupi USARF, ambalo lilianzishwa mwaka 1967 na mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Yoweri Museveni, akiwa mwanafunzi hapo. Lilichapwa kwa stensili, kurasa zikabanwa kwa mkono, na wahariri wenyewe ndio waliolitembeza kuliuza. Waandishi wake hawakusimama pembeni. Walikuwa ndani ya harakati mpaka shingoni. Hata hivyo maandishi yao yalisomwa mbali sana, na toleo maalumu la mwaka 1970 lililobeba uchambuzi wa Issa Shivji juu ya mapambano ya kitabaka nchini linajadiliwa mpaka leo. Mwaka huohuo, mwezi Novemba, jarida na kundi lake vyote vilipigwa marufuku.

Kilichowapa heshima, kwa maoni yangu, ni kwamba jalada lilisema wazi jarida ni la nani. Msomaji aliyelifungua alijua anazungumza na wanaharakati, akapima maneno yao kwa mizani hiyo. Hakuna aliyedanganywa. Mwanafunzi anayekusikiliza Jumanne saa mbili usiku anaamini kwamba umemhoji Rais kwa niaba yake. Ikiwa siku hiyohiyo mchana uliandika majibu ya Rais, umemnyima msikilizaji kitu ambacho ni haki yake. Uanachama una nafasi yake, binti yangu. Uanachama uliofichwa ndio unaoniogopesha.

Na kuhusu sapu: katika miaka yangu ya kufundisha niliwaona wanafunzi wengi waliofeli, wachache sana kwa sababu ya redio. Panga saa zako tu.

Mwaka wa Tatu

Dada, soma pia katiba ya serikali yenu ya wanafunzi. Kwetu waziri huteuliwa na Rais, na Rais huyohuyo anaweza kumwondoa bila kueleza sababu. Ukiacha redio kwa ajili ya cheo cha namna hiyo, hakikisha kwanza kama mlango wa studio utafunguliwa tena.

Binti wa Ziwani

Nawashukuru nyote, na Mwalimu shikamoo. Niliyasoma majibu yenu usiku, na asubuhi nikamtafuta mtangazaji mwenzangu kumuuliza kwa nini alinyamaza. Alifungua simu yake akanionyesha ujumbe wa sauti kutoka kwa msichana wa hosteli, uliotumwa siku mbili kabla. Msichana huyo alikuwa na malalamiko kuhusu michango ya sherehe ya kuwakaribisha wapya, na mwishoni anasema: "Usimpelekee yule wa maji, nasikia sasa ni wa serikali." Sikuwa hata nimekubali. Maneno tu ya kwamba nimeombwa yalikuwa yametosha.

Dada wa Dodoma, maelezo yako ya tangazo la mistari minne nimeyanakili kwenye daftari, na sioni haya kusema kwamba ipo siku nitaitaka kazi kama yako. Kwa sasa bado nahitaji kujifunza kumwamkia muuza dagaa.

Nimemwandikia Rais barua ya kumshukuru na kukataa, nikaipeleka mwenyewe badala ya kuituma. Alisikitika kidogo, akaniuliza kama nimekasirishwa na jambo. Nilimjibu hapana, kisha nikamwomba aje studio Jumanne kwa mahojiano ya nusu saa, bila kumpa maswali mapema. Alifikiri, akakubali. Swali la kwanza linahusu michango ya sherehe. La pili linahusu simtanki jipya lililoletwa baada ya habari ya maji, ambalo hadi leo limelazwa nyuma ya hosteli, halijaunganishwa.