Mtoto anajichanja mikono: tupeane uzoefu, nini kinasaidia na nini kinaharibu

Wakuu, uzi huu ni wa wazazi waliogundua mtoto anajichanja, anajichoma au anajigonga makusudi. Visa vya majumbani tuviache, tuweke kinachofanyika na kinachokosewa. Wauguzi, walimu wa malezi, washauri, karibuni. Naanza na swali: unageuza sweta la mtoto ulifue, unakuta madoa ya damu ndani ya mkono. Unaanzia wapi?

NesiWaZamu
Kama kidonda bado kibichi, anzia hapo, maneno baadaye. Nawa mikono, mwagia kidonda maji safi ya bomba, kisha kandamiza kwa kitambaa safi dakika 10 kamili ukitazama saa. Wengi hukosea kwa kufunua kila mara kuchungulia. Ukifunua, unang'oa damu iliyoanza kuganda na unarudi mwanzo. Usipake majivu, kahawa wala dawa ya meno. Spiriti nayo inachoma, na mtoto ataihesabu kama adhabu. Akiwa ameungua, maji ya bomba yatiririke juu ya palipoungua dakika 20. Si barafu.

Hospitali siku hiyohiyo kama damu haijakata baada ya kukandamiza dakika 10, kidonda kimeachama, au vidole vina ganzi ama havikunjiki. Ulizia na sindano ya pepopunda.

Vidonge ni habari nyingine kabisa. Akimeza panadol nyingi usisubiri dalili. Siku ya kwanza anaweza kula na kucheka vizuri huku ini linaharibika, na dawa ya kuzuia hilo inafanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8. Usimnyweshe maziwa, usimtapishe. Beba maganda ya vidonge, ondoka naye.

MwalimuMlezi
Dalili za kutazama: sweta mchana wa joto la Dar au Mombasa, plasta zinazoisha haraka, kukwepa michezo, kukaa bafuni muda mrefu na mlango umefungwa, mikwaruzo mingi mahali pamoja na maelezo yaleyale kila mara kwamba ni paka. Dalili moja peke yake si ushahidi.

Tafadhali msiwavue nguo kila jioni kuwakagua. Mtoto anayekaguliwa mikono huhamia mahali usipoweza kukagua, na aibu ndiyo mara nyingi iliyomfikisha hapo.

Kijana_wa_Zamani
Huyo si anatafuta kiki tu? Zamani tungechapwa, ingeisha.

MshauriNasaha
Mkuu, anayetafuta kiki havai sweta kwenye jua. Wengi hujiumiza kwa siri kwa sababu maumivu ya mwili huyatuliza ya moyoni kwa muda mfupi. Ahueni hiyo ndiyo inayomrudisha, na baada yake huja aibu inayojaza kifua upya. Fimbo inaongeza aibu tu. Hata akiwa anataka aonekane, basi kuna kitu ameshindwa kukisema kwa mdomo.

Kuhusu mazungumzo: usimkalishe sebuleni mbele ya baba, shangazi na mjomba kama kesi. Kaeni ubavu kwa ubavu na kazi mkononi. Mkiwa mnachambua mchele, macho ya wote yako kwenye ungo, maneno hutoka. Sema hivi: "Mwanangu, nimeona mkono. Sikugombezi. Siku ile ilikuwaje kabla hujafanya?" Epuka "kwa nini", linasikika kama mashtaka. Akinyamaza, nyamaza naye, kisha mwambie utarudi kesho, na kweli urudi.

Halafu uliza waziwazi: "Huwa unataka kufa, au unataka maumivu ya ndani yapungue?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akisema anataka kufa, uliza kama amepanga namna na siku. Akiwa na mpango, asiachwe peke yake hata chooni, na hospitali ni usiku huohuo. Akisema hataki kufa, bado apelekwe kliniki wiki hiyo, maana anayejiumiza yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kujiua siku za mbele.

Kosa linalonikera kuliko yote ni kiapo. "Apa kwamba hutarudia." Ataapa, atarudia, na safari hii ataficha kwa sababu sasa ni mwongo pia. Badala yake ombeni jambo dogo: hamu ya kujiumiza ikija, akubipu au akubishie mlango kabla. Hamu hupanda na kushuka kama wimbi, mara nyingi ndani ya nusu saa, kwa hiyo kazi ni kuvuka muda huo. Kutumbukiza uso kwenye beseni la maji baridi sana huku amebana pumzi sekunde 15 hadi 30 hupunguza mapigo ya moyo (mwenye ugonjwa wa moyo asifanye). Wengine hutembea au humenya vitunguu na mama. Aandike mwenyewe kwenye karatasi vitatu vinavyomfaa, na namba 116, simu ya mtoto, bure Tanzania na Kenya.

NesiWaZamu
Naongezea: nyembe, dawa ya shamba, sumu ya panya na vidonge vya presha vya bibi, vile vinavyolala chini ya mto, vyote kwenye sanduku lenye kufuli. Hamu ikikuta kufuli, inapata muda wa kushuka.

Na daktari mwambieni ukweli wa jeraha. Ukisema ameanguka, atashonwa na kurudishwa nyumbani. Kwa Kenya, hofu ya polisi ipungue: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kinachofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakinzana na Katiba. Hospitali za Muhimbili na Mirembe (Tanzania) na Mathari (Kenya) si za "vichaa" tu kama mtaa unavyosema. Shekhe au mchungaji aombe, sawa, ila kliniki isikatishwe.

MamaWawili
Shuleni niwaambie?

MwalimuMlezi
Mtu mmoja tu, mwalimu wa malezi au matroni, na mtoto ajue umemwambia nani. Ikifika ofisi ya walimu wote, imefika darasani.

MamaWawili
Na lile sweta?

NesiWaZamu
Loweka kwenye maji baridi yenye chumvi kabla ya sabuni. Ya moto yanagandisha doa.