Naomba ushauri kuhusu mashine ya kusagia kucha, niko Ujiji, Kigoma

Binti Ujiji
Assalaam alaykum na habari za kazi, wakubwa kwa wadogo. Natengeneza kucha katika kibanda kidogo hapa Ujiji, na hadi sasa kazi yote ya kusugua naifanya kwa tupa ya mkono. Wateja wa jeli na akriliki wameongezeka, hasa msimu wa harusi, na kutoa akriliki ya zamani kwa tupa kunachukua muda mrefu kiasi kwamba anayesubiri zamu huchoka akaondoka kwenda saluni za Mwanga, hapa hapa Kigoma. Muuza vipodozi anayeagiza mizigo Kariakoo ameniletea mashine mbili nichague. Ya kwanza ni ndogo, yenye umbo la kalamu, inatumia waya wa chaja ya simu na imeandikwa mizunguko 20,000 kwa dakika. Ya pili ina kisanduku chenye kitufe cha kuongeza na kupunguza kasi, mpini ulioungwa kwa waya na pedali ya mguu, nayo imeandikwa mizunguko 35,000. Bei yake inakaribia mara tatu ya ile ndogo. Naomba mnishauri ipi inafaa, na zaidi ya hapo, nitaitumiaje bila kumuumiza mtu. Huwa napokea wateja ambao kucha zao zimeliwa na mashine hadi zimebaki laini na nyekundu karibu na mzizi, na sitaki mteja atoke hivyo mikononi mwangu.

Mama Saluni, Isevya
Wa alaykum salaam, mdogo wangu. Nakupongeza kwa kuuliza kabla ya kulipa. Chukua ile yenye kisanduku, lakini usiichukue kwa sababu ya hiyo 35,000, kwa kuwa kasi hiyo hutaihitaji. Mafundi wengi hupunguza akriliki kwa mizunguko kati ya 10,000 na 20,000, na kwenye kucha ya asili au pembeni ya ngozi ya mzizi haifai kuzidi 5,000 hivi. Kinachotofautisha mashine hizo mbili ni nguvu ya mota katika kasi ndogo. Ile ndogo ukiigusisha kwenye akriliki ngumu hupunguza mwendo au husimama kabisa, nawe bila kujijua unaanza kugandamiza ili ikate, na hapo ndipo kucha za watu zinapoharibika. Mpini mzuri hautetemeki mkononi na hauchemki upesi. Mwambie muuzaji akuwashie, ushike mpini kwa dakika kadhaa, kisha utie biti (kile kichwa cha kusagia kinachochomekwa kwenye mpini) na uitazame kwa ubavu inavyozunguka. Ikiwa ncha inayumba, ama biti imepinda ama kishikio chake kimelegea, na mashine ya namna hiyo usiichukue hata ukipunguziwa bei. Hakikisha pia kwamba inapokea biti zenye shina la milimita 2.35, kwa sababu ndizo zinazopatikana kwa urahisi.

Sasa matumizi. Laza biti sambamba na uso wa kucha, usiisimamishe kwa ncha, kwa sababu ncha huchimba mfereji. Pitisha mara moja, inua, kisha rudi. Usikae sehemu moja hata kwa sekunde mbili, kwani joto hujikusanya papo hapo na mteja huvuta mkono. Akivuta mkono usimwambie avumilie. Simama, punguza kasi, na uangalie kama biti imekwisha makali, maana biti butu haikati bali inasugua na kuchoma. Ule wekundu unaouona kwa wateja wako, ambao mara nyingi huwa na umbo la mwezi mchanga karibu na mzizi, hutokana na fundi kuinamisha ncha ya biti wakati anashughulikia ukingo wa ngozi. Kucha iliyochimbwa haijiungi tena. Ya mkononi hukua takriban milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo mteja atabeba alama hiyo kwa miezi kadhaa mpaka isogee mbele na kukatwa.

Kwa kutoa akriliki, punguza unene kwa mashine hadi ubaki utando mwembamba, kisha malizia kwa pamba yenye asetoni na karatasi ya foili. Usisage mpaka chini. Ukianza kuona mistari ya kucha ya asili, umekwisha kupitiliza.

Kucha Kasulu
Nakubaliana na Mama Saluni, ila niseme kwamba ile ndogo si takataka. Kwa mtu anayepaka rangi ya jeli peke yake na kuhitaji kuondoa ung'avu wa juu, inatosha. Kwa akriliki haitoshi.

Fundi Umeme, Gungu
Dada, kabla ya kulipa geuza adapta na usome maandishi yake. Umeme wetu ni volti 230, kwa hiyo ukikuta imeandikwa 100–240 uko salama, lakini ikiandikwa 110 peke yake itaungua siku utakayoichomeka. Kama umeme wa eneo lako unayumba, tafuta kilinda umeme, na ukatikapo zima swichi ya mashine ili isije ikarudi na kuanza kuzunguka ukiwa umeishika. Jambo jingine ambalo watu wa saluni hawalipi uzito ni asetoni. Mvuke wake unashika moto upesi sana, na mota nyingi za mashine hizi hutoa cheche ndogo ndani. Funga chupa na uisogeze mbali kabla ya kuwasha.

Muuguzi, Mwanga
Naomba nizungumzie vumbi na usafi, kwa sababu ndiko madhara yanakoingia bila mtu kuona. Vumbi la akriliki na jeli ni laini sana na huingia kifuani. Barakoa ya kawaida ya kitambaa haikutoshi. Ile ya N95 huchuja angalau asilimia 95 ya chembe ikikaa vizuri usoni, ingawa haizuii harufu ya dawa. Kaa karibu na dirisha na uweke kifyonza vumbi chini ya mkono wa mteja. Nimeona saluni zinazoelekeza feni kwenye meza, na vumbi lote linaishia usoni mwa mteja. Vaa miwani, funga nywele, na mtandio uuchomeke vizuri, kwani biti inayozunguka hunasa chochote kinachoning'inia.

Biti iliyogusa damu inaweza kupitisha homa ya ini B kwa mteja anayefuata, na virusi hivyo huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Kuifuta kwa spiriti na kuendelea hakutoshi. Isugue kwa brashi na sabuni mpaka vumbi litoke kwenye meno yake, iloweke katika klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10, kisha isuuze na uikaushe mara moja ili isishike kutu. Chupa ikiwa imeandikwa asilimia 3.5, changanya sehemu moja ya dawa na sehemu sita za maji. Ukiweza kupata mashine ya mvuke inayofika nyuzi 121, hiyo ni bora zaidi, ila uliza kwanza kama biti zako zinaivumilia. Vile visanduku vya mwanga wa zambarau usivitegemee, kwa sababu mwanga haufiki katikati ya meno ya biti. Bendi za msasa, yaani vile vipete vya msasa vinavyovishwa kwenye mashine, hazisafishiki. Kila mteja apate yake, na ikishatumika itupwe.

Binti Ujiji
Mwenyezi Mungu awalipe. Nitachukua ya kisanduku. Yamebaki mawili: nina mteja mtu mzima mwenye kisukari anayependa kucha za jeli, na mimi mwenyewe natumia mkono wa kushoto.

Muuguzi, Mwanga
Huyo usimsage kabisa kwa mashine. Mkwaruzo mdogo kwake unaweza kuwa kidonda kinachochelewa kupona, na huenda asihisi joto mapema. Mtengenezee kwa tupa laini, usikate ngozi ya mzizi, na ukiona kucha imeachia au imebadilika rangi, usiifunike kwa jeli bali mwelekeze Hospitali ya Maweni au kituo kilicho karibu naye.

Mama Saluni, Isevya
Kwa mkono wa kushoto, hakikisha kisanduku kina kitufe cha kubadili mwelekeo, kwa sababu utafanya kazi zaidi kwa mzunguko wa kinyume. Biti nyingi za chuma zina meno yanayokata upande mmoja tu, na zikizunguka kinyume zinachoma badala ya kukata, kwa hiyo nunua zenye meno yaliyokatwa msalaba, ambazo hufanya kazi pande zote mbili. Kitufe hicho usikiguse biti ikiwa bado inazunguka. Na wiki za mwanzo fanyia mazoezi kwenye tipu (kucha bandia) za plastiki ulizozijaza akriliki, kwa kasi ndogo, kabla hujashika mkono wa mteja.