Naomba ushauri: harusi ya watu 40, DJ aingize sebene saa ngapi?

BintiKampemba
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Ninaolewa Jumamosi ya pili ya Julai hapa Lubumbashi, ndani ya parseli (uwanja) ya nyumbani, mtaa wa Kampemba. Wageni 40 tu. Asubuhi tunapita komine, ofisi ya serikali, kufunga ndoa, saa kumi jioni baba ananiingiza chini ya hema, tunakula, tunakata keki, saa nne usiku tumemaliza. DJ ananiuliza kila siku: "Dada, sebene niingize saa ngapi?" Sina jibu. Nikiwaza sebene, ile sehemu ya magitaa ya kasi inayoinua watu wote, tumbo linanikata. Nisaidieni, silali.

MzeeWaKatuba
Hongera mwanangu. Lakini watu 40 ni kikao cha familia! Harusi yangu ya 1987 tulifungua parseli tatu, orkestra ikapiga mpaka jogoo akawika. Mke wangu alivua viatu saa tano na hatukuviona tena.

FundiSono
Kazi hii naifanya mwaka wa 14. Harusi ndogo ni ngumu kuliko kubwa. Mbele ya watu 400 ukikosea wimbo mmoja unapita, mbele ya 40 kila mtu anakugeukia.

Chakula kikiwa mezani, rumba ya zamani, sauti chini, mtu amsikie jirani bila kuinama. Rumba zetu nyingi zina sehemu mbili: waimbaji kwanza, taratibu, halafu magitaa yanaamka, ndiyo sebene. DJ anayejua anakata kabla hayajaamka, anaingiza nyingine. Akichelewa, shemeji mmoja atasimama na sahani mkononi na meza nzima itamfuata.

Halafu Julai ni baridi. Saa mbili usiku wazee wataanza kuomba makoti, kwa hiyo muziki wao utangulie. Bafle (spika) zielekee wachezaji, zisikae mgongoni mwa meza ya wazee.

Ila niambie, kwa nini 40? Na sebene inakutishia nini? Sijawahi kuona bibi harusi anaogopa sebene.

TantineKenya
Weka mutuashi mapema, ile ngoma ya Kasai! Batantine ba Kasai bakisikia mutuashi, hakuna mwenye anabaki kwa kiti. Tshala Muana, mwimbaji wa mutuashi, alizaliwa hapa hapa Lubumbashi, 1958, ni wetu. Kwa harusi ya mudogo wangu DJ alikataa kuiweka, batantine wakachukua chupa na vijiko, wakaimba wenyewe mpaka akazima mashine.

BintiKampemba
Asanteni. 40 ni sababu za kifamilia tu. DJ tumeshampa nusu ya pesa, na marafiki zangu sita wamefanya mazoezi wiki tatu ya mchezo wa kuingilia. Nataka saa tu.

FundiSono
Sababu gani? Nisipoijua nitakupangia harusi ya mtu mwingine.

BintiKampemba
Baba yangu alifariki mwezi wa tano. Matanga hayajamalizwa. Shangazi, dada yake mkubwa, amesema hakuna ngoma ndani ya parseli hii mpaka tumalize, na ni mwakani. Lakini mahari ilipokelewa tangu Februari, komine wamepanga tarehe, mchumba wangu ana ruhusa ya siku nne tu kutoka kazini Kolwezi. Na marehemu mwenyewe alituambia tusisogeze siku. Kwa hiyo msiniambie nisogeze. Nimeuliza muziki.

Nuru_Likasi
Pole sana dada. Lakini kaburi bado bichi na wewe unalipa DJ? Imbeni nyimbo za ibada, mle, mtawanyike. Heshima ya mzazi hainunuliwi.

JichoKali
Ngojeni kidogo. Juu kule ameandika "baba ananiingiza chini ya hema". Sasa baba ni marehemu. Marehemu atamshika mkono? Hadithi ya kutunga hii, tunapotezewa muda.

TantineKenya
Kweli eh! Nami nilikuwa nimeanza kulia.

MzeeWaKatuba
JichoKali, kwenu hakuna baba mdogo?

BintiKampemba
Ni baba mdogo. Ndiye atakayeniingiza. Alinilipia shule miaka miwili baba alipokosa kazi, sijawahi kumwita jina jingine. Sikuandika kifo mwanzoni kwa sababu nilijua mtaniambia nisogeze siku, na mmeanza.

JichoKali
Nimekosa, dada. Pole kwa msiba.

FundiSono
Sasa naelewa tumbo linakata kwa nini. Baba alipenda muziki gani?

BintiKampemba
Gitaa kavu la zamani, lisilo la umeme. Mpigaji wake Mwenda Jean Bosco. Kila Jumapili alitusimulia jinsi Hugh Tracey, yule mzungu aliyezunguka kurekodi muziki wa Afrika, alivyomrekodi mwaka 1952 pale Jadotville, Likasi ya leo, kana kwamba naye alikuwepo.

FundiSono
Basi ingia na gitaa hilo, mkono mmoja kwa baba mdogo, mwendo wa kawaida. Mchezo wa marafiki uondoe. Najua wiki tatu ni nyingi, lakini wageni 40 watamtazama shangazi, hawatawatazama wao. Baada ya chakula DJ azime kila kitu. Baba mdogo alitaje jina la marehemu, na DJ asipitishe kinanda cha huzuni chini ya maneno yake. Kimya kitoshe. Betri za maikrofoni ziwe mpya.

Saa ya sebene sikupi, saa hiyo iko kwa shangazi. Nenda kwake kabla ya siku, na baba mdogo, usimshtukize kwenye maikrofoni. Akikataa, piga rumba mpaka mwisho. Watu wanacheza rumba bila kuruka, na wakimkumbuka mtu haiwazuii.

BintiKampemba
Marafiki zangu watanichukia. Lakini nitakwenda.

BintiKampemba (siku tatu baadaye)
Tumetoka kwa shangazi. Alilia, tukalia wote. Kuhusu sebene hakusema ndiyo. Amesema atakuja, hatacheza, tumwekee kiti mbali na bafle. Tulipofika mlangoni akaniita tena, akauliza kama huyo DJ anazo nyimbo za Mwenda.

FundiSono
Mwambie anazo. Kama hana, nitamletea zangu.