Disneyland Paris na watoto watatu na mama mkwe: tuanzie wapi?

MamaTwaha_Leicester

Asalaam aleikum jamani. Naombeni ushauri kwa waliokwenda, si kwa walioona video.

Mume wangu amewaahidi watoto Disneyland Paris mwezi wa sita. Ameahidi mezani mbele ya mamake, kwa hivyo hapana kurudi nyuma. Yeye kazi yake imekwisha hapo, kupanga ni kwangu.

Tuko Leicester. Idrisa ana miaka 7 na haogopi kitu. Zuhura atatimiza 5 mwezi wa nane, na lolote afanyalo kakake lazima na yeye alifanye. Twaha ana miezi 14, ameanza kutembea juzi, na ukimweka chini huchagua upande ulio na watu wengi zaidi. Halafu mama mkwe anakuja kututembelea kutoka Mombasa. Magoti yanamsumbua lakini kusema "nimechoka" hasemi, utaona tu amenyamaza.

Siku moja yatosha au mbili? Treni au ndege? Chakula je? Na huyu wa katikati ataruhusiwa kupanda nini? Nasikia watu wanalipa pesa nyingi kisha mtoto analala mchana kutwa. Sitaki hayo yanipate.

Shangazi_wa_Champigny

Waaleikum salaam mdogo wangu. Mie mtu wa Temeke, huku Ufaransa nina mwaka wa kumi na sita, na kila mgeni anayetoka Dar akishapiga picha na mnara wa Eiffel anaulizia Disney. Nimekwenda mara tisa. Mara mbili ndiyo kwa hiari yangu.

Kabla hujagusa tiketi, angalia pasipoti. Mwenye ya Uingereza hana tabu. Mwenye ya Kenya, hata kama ana makazi halali Leicester, kuingia Ufaransa anahitaji viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Na wa kumwahi ni mama mkwe: mtu aliye Uingereza kwa matembezi tu, kawaida viza hii anatakiwa aiombe nchi anakoishi. Maana yake aimalize Nairobi kabla hajapanda ndege. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, nusu yake kwa watoto kuanzia miaka 6, walio chini ya hapo hawalipi. Najua familia iliyogundua jambo hili bibi ameshatua Heathrow. Mama wa watu alibaki kwa jirani anatumiwa picha.

Usafiri, kwa hali yenu, ni treni. Ile iliyokuwa inatoka London moja kwa moja hadi Disney iliachwa mwaka 2023, sasa unashuka Lille unabadilisha. Lakini kutoka Leicester unafika St Pancras bila kubadilisha, unapanda Eurostar hadi Lille Europe, halafu treni ya kasi, TGV, hadi Marne-la-Vallée Chessy, na ukitoka nje ya stesheni hiyo lango unaliona kwa macho. Ukija kwa ndege utatua Charles de Gaulle halafu uanze kutafuta usafiri mwingine, mtoto mgongoni, bibi nyuma. Na ikitokea mnatokea Paris mjini kwa treni ya RER A, soma ubao kabla ya kupanda. Reli ile inagawanyika. Treni nyingine zinaishia Torcy, nyingine zinakuja huku kwetu Champigny, na nimeshakutana na watu wamevaa masikio ya panya kwenye stesheni yetu wanauliza kasri liko wapi.

Sasa la muhimu kuliko yote: pima watoto. Leo, nyumbani, na viatu walivyovaa. Kule umri hausaidii, kuna fimbo. Big Thunder Mountain, ile treni ya mgodini inayozunguka mlima mwekundu, ni sentimita 102. Ile ya kasi gizani, upande wa paki unaoitwa Discoveryland, ni 120. Indiana Jones inayokugeuza miguu juu ni 140. Kwenye paki ya pili, iliyofunguliwa 2002, kuna Crush's Coaster, hiyo 107, na inazunguka hata mie mzima nilishuka nashika ukuta.

Omari wangu alikuwa na miaka minne na nusu, sentimita 101. Wiki nzima nilikuwa namwimbia treni ya mgodi, treni ya mgodi. Tumekaa foleni karibu saa zima, tumefika mbele, dada wa mlangoni akaweka fimbo, akachuchumaa, akamweleza kwa upole kabisa. Omari hakuelewa Kifaransa wala upole. Alilia kutoka Frontierland, upande wa mlima ule, hadi kwenye kasri, na ukipaona pale utajua si karibu. Kosa langu mie, namba zile ziko wazi, ungezisoma hata ukiwa kitandani. Kwa hiyo huyo Zuhura wako mpime kabla hajaahidiwa chochote, na Idrisa aambiwe mapema kwamba atapanda na baba.

Visivyo na kipimo ni vingi, vimejaa Fantasyland, upande wa watoto wadogo: farasi wa kuzunguka, tembo wanaoruka, vitreni, mashua za wanasesere wa mataifa yote wanaoimba. Foleni ya mashua inatembea upesi, na Twaha ataingia mapajani. Peter Pan's Flight ndiyo foleni yake haikatiki, hiyo muikimbilie mlango unapofunguliwa tu, la sivyo muisahau. Kukosa kipimo si kukosa kutisha, lakini. Phantom Manor ni nyumba ya mizimu, mtoto wa miaka minne ataingia na usiku hutalala wewe. Na chini ya kasri kuna pango, ndani joka kubwa limefungwa minyororo, linainua kichwa na kutoa moshi. Omari alilipenda. Binti wa dada yangu, mwenye miaka sita, mpaka leo ukisema Ufaransa anasema joka.

Siku ngapi? Mbili, na mchana mrudi kulala. Msilale mbali. Stesheni moja kabla ya Chessy ni Val d'Europe, kuna vyumba vyenye jiko na duka kubwa la vyakula, bei ni ya binadamu. Mnaingia asubuhi geti likifunguliwa, saa saba mnatoka, Twaha analala, bibi ananyoosha miguu, saa kumi mnarudi wenzenu wamechoka wanaondoka. Wanaokaa hoteli za Disney wenyewe wanaingizwa asubuhi kabla ya watu wengine, ni raha, ila bei yake ukae kwanza ndipo uiulize.

Na jambo ambalo sisi watu wa Ikweta hatulifikirii: mwezi wa sita jua huku linazama karibu saa nne usiku. Magharibi yenyewe ndiyo hiyo. Fataki za kasrini zinangoja giza, kwa hiyo watoto wadogo watazitazama usingizini. Baba na Idrisa wabaki, nyie wengine nendeni mkalale.

Tiketi: Twaha chini ya miaka 3 haingii hesabuni. Miaka 3 hadi 11 ni bei ya mtoto. Bei inabadilika siku na siku, kwa hiyo epuka wikiendi, na Jumatano pia watoto wengi wa shule za msingi huku mchana hawana masomo.

Mwisho, khanga. Beba mbili. Moja ifunge kwenye mpini wa kigari cha Twaha. Vigari haviingii kwenye michezo, vinaachwa nje, na ukitoka unakuta vigari mia, vyote vyeusi. Changu kilikuwa kinaonekana toka mbali, rangi ya embe. Ya pili ni ya kutandika chini mkisubiri gwaride la Disney, kufunika mtoto, kunyonyeshea, kufutia aiskrimu. Mie Mzungu mmoja aliniuliza nimeinunua duka gani la pale ndani.

Papa_Ba_Bane

Jambo bote. Miye ni mutu wa Goma, niko Bruxelles. Minaona Shangazi anaogopesha mama wa batu bure.

Siye tulifanya siku moja tu, ikatosha. Tulitoka nyumba saa kumi na moja ya asubui, mu motokari masaa tatu na kidogo, batoto bane benye kulala nyuma. Tulicheza mupaka saa nane, kisha benye kuwa badogo balilala tena mu motokari na mama yabo, parking. Usiku bote bakaamuka, tukaangalia ile mioto juu ya château. Bibi, ile ndiyo kitu yenyewe! Kama hauone mioto haukuenda Disney, ulienda foire, michezo ya mutaani tu. Kadogo kangu ka miaka tatu kalisema mara moja tu "Papa", na kakabakia kinywa wazi.

Chakula tulibeba: mikate, kuku, beignets, biberon. Hakuna mutu alituuliza kitu. Lakini sanduku kubwa ya barafu na chupa ya vioo, acha nyumba.

Shangazi_wa_Champigny

Kaka yangu wa Goma, wewe una gari na huna mama mkwe. Mwenzako atamlaza bibi wa Mombasa kwenye parking?

Fataki ni nzuri, sijakataa. Aje Desemba, giza linaingia saa kumi na moja jioni, huenda akaziona hata Twaha. Ila Desemba ashike koti.

kijana_wa_Tanga

Shikamooni. Mimi nilifanya kazi pale kiangazi kimoja nikiwa chuoni. Naongeza mambo machache tu.

Shemeji asipende kukaa nje, na Mama Twaha usikose kupanda. Kuna utaratibu unaitwa Baby Switch: mnafika pamoja, mmoja anapanda, mwingine anabaki na mdogo, halafu mnabadilishana bila wa pili kuanza foleni upya. Lazima umwambie mfanyakazi wa mlangoni mwanzoni, ukikumbuka mwishoni umechelewa. Wengi walikuwa hawajui. Nimeona wazazi wanasusiana kabisa.

Huyo Twaha anayechagua upande wenye watu, mwandikie namba ya simu mkononi kwa kalamu, pamoja na alama ya + na 44. Akipotea ataletwa kwenye nyumba ya watoto, mwisho wa Main Street, ile barabara ya kuingilia, karibu na mgahawa wa Plaza Gardens. Hapo hapo ndipo pa kubadilishia daipa na kupasha moto chakula cha mtoto, pametulia, hata bibi atapapenda.

Mvua ikinyesha, nyuma ya maduka ya Main Street kuna njia mbili za kupita zenye paa, kulia na kushoto. Watu wanalowa mita tano kutoka pale.

Na bibi mpandisheni meli kubwa ya magurudumu, Molly Brown. Inazunguka ule mlima mwekundu polepole, anakaa, anapata upepo, na huku anamsikia Idrisa anapiga kelele juu.

MamaTwaha_Leicester

Allah awalipe nyote. Nimesoma mara tatu, mara ya tatu nimemsomea mume wangu kwa sauti. Viza ya mamake alikuwa hajaifikiria kabisa. Amepiga simu Mombasa usiku huu huu, na mama akasema yeye tangu zamani alijua kuna karatasi, alikuwa angojea kuona nani ataikumbuka.

Tumekata shauri siku mbili, Val d'Europe, Jumatatu na Jumanne. Fataki ataona Idrisa na babake. Papa wa Goma nisamehe. Leso nitabeba tatu, Shangazi, na ya kigari nimeshaichagua, ile nyekundu iliyo na maneno ya kumsema jirani, huko hakuna atakayeyasoma.

Swali dogo. Nimempima Zuhura kwenye mlango wa jikoni. Sentimita 101, na viatu. Kakake ameona kipimo, naye ameona kakake akiona. Yuwasema safari bado wiki tisa, atakuwa amerefuka. Yawezekana?

Shangazi_wa_Champigny

Mia na moja! Jamani, namba hii ina nini na mie.

Wiki tisa anaweza akafika, mpe uji. Lakini asipofika usije ukamvalisha soksi mbili mbili. Omari nilimvalisha jozi tatu, tukarudi jioni, tukapanga foleni upya, na mbele tukamkuta dada yule yule.