Kurudia cetuximab au panitumumab kwenye saratani ya utumbo mpana

Swali: Mgonjwa ana saratani ya utumbo mpana iliyofika kwenye ini. Jeni ya RAS haikuwa na mabadiliko, dawa lengwa cetuximab ikamfaa miezi mingi, kisha ikagoma. Kamaliza kemo ya pili. Dawa lengwa inarudiwa?

Jibu: Inarudiwa, ila pima damu kwanza, DNA ya uvimbe kwenye plazma (maji ya damu): RAS, BRAF, EGFR, jeni ambazo zikibadilika dawa hugoma. Kinyama cha uvimbe kilichokatwa kupimwa miaka 2 iliyopita hakikuambii kitu. Seli sugu hupungua dawa ikisimama, takriban nusu kila miezi 4, kwa hiyo usiharakishe. Utafiti wa CHRONOS wa Italia uliwachagua hivyo wagonjwa 27. Kwa panitumumab, dawa ya kundi moja na cetuximab, uvimbe ulisinyaa kwa 3 kati ya 10.

Jibu: Panitumumab ni mg 6 kwa kilo kila wiki 2. Doksisaiklini (antibiotiki) ianze mapema, vipele vya dawa hii visisubiriwe. Na pima magnesiamu ya damu jamani, dawa huishusha! Ikishuka, moyo hudunda ovyo.