Jiko jipya linatoa moshi na maji meusi: kosa ni la jiko au la kuni?

Mgeni wa Baridi

Habari za jioni ndugu zangu. Nimehamia Njombe mwezi wa pili nikitokea Tanga, na baridi hii ya Juni imenikuta sijaizoea. Fundi amenitengenezea jiko la chuma lenye bomba linalotokea juu ya bati. Tunalipikia na jioni tunaota moto hapohapo.

Nilinunua kuni kirikuu nzima. Muuzaji aliniapia kwamba ni kavu. Nikiziwasha zinatoa povu kwenye ncha na kulia kama kitu kinachokaangwa, nyumba inajaa moshi, na kwenye maungio ya bomba yanachuruzika maji meusi yenye harufu kali, yameshachafua ukuta. Mwanangu wa miaka minne anakohoa usiku. Fundi anasema jiko halina tatizo. Nitafute kuni za mti gani, na hukauka kwa muda gani? Jirani kanikataza kabisa mipaini, anasema inaziba bomba.

Kijana wa Makete

Pole sana dada. Hizo ni mbichi, povu ndilo linakwambia. Tafuta miwati, utasahau shida zote.

Mama wa Uwemba

Mwanangu, karibu Njombe na pole kwa mtoto. Fundi wako asilaumiwe kwanza. Nimepika kwa kuni maisha yangu yote, na mambo uliyoyaeleza nimeyaona kwa macho yangu.

Kuni iliyokatwa juzi, karibu nusu ya uzito wake huwa ni maji. Ukiweka jikoni kuni mbichi ya kilo mbili, umeweka na lita moja ya maji humo ndani, na moto lazima uichemshe mpaka iishe ndipo upate joto lako. Mvuke huo unapanda na moshi, unakuta bomba la baridi, unageuka maji meusi. Yanayobaki ndani yanaganda kama lami, na lami hiyo ikizidi inaweza kushika moto ndani ya bomba. Kwa hiyo kabla ya yote, jiko likiwa limepoa, shusha bomba ulisugue masizi. Halafu mwite fundi aangalie maungio: kipande cha juu kiingie ndani ya kile cha chini. Kikivaa kwa nje, kila tone litatokea ukutani.

Kuhusu mti, kijana amesema kweli. Mwati ni mzito, unawaka kwa utulivu na unaacha kaa linalodumu. Hapa kwetu umejaa tangu kampuni ya TANWAT ilipoanzishwa mwaka 1949 kwa ajili ya magome yake ya kusindikia ngozi za wanyama. Lakini mwati mbichi hauna faida kuliko mpaini mkavu, hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Wanauliza jina la mti, hawaulizi ulikatwa lini na ulipasuliwa lini.

Mwaka 2011 mume wangu aliugua, miti yetu ikakatwa Oktoba badala ya Mei. Milingoti mitupu, yaani mikaratusi, tena magogo mazima. Mvua za Novemba zikatukuta hivyo. Mpaka Februari nilikuwa napuliza moto saa kumi na moja alfajiri huku machozi yananitoka, na maharage yaliyokuwa yakiiva kwa saa mbili yakawa yanachukua nusu siku. Tangu hapo sijawahi kuuacha mwezi wa Mei upite.

Ninavyofanya ni hivi. Mvua zikikata tu, tunakata na kupasua wiki hiyohiyo. Mlingoti hasa usiuache: ukiwa mbichi shoka linapita, ukikauka nyuzi zake zinajipinda na utavunja mpini. Kila kipande kisizidi unene wa mkono wako hapo juu ya kiwiko, kwa sababu gome linazuia maji yasitoke, ni ule upande uliopasuliwa ndio unaokauka. Tunalaza fito mbili chini ili kuni zisiguse udongo, tunapanga safu moja moja zenye nafasi kati yake, upande unakotoka upepo. Juu bati. Pembeni wazi kabisa! Watu wanafunika turubai mpaka chini, kuni zinaoza humo zikiwa zimefungiwa na unyevu wao.

Mipaini na mabanzi ya mashineni yaliyopasuliwa membamba hutosha kiangazi kimoja, Juni hadi Oktoba. Mwati ukiwa mwembamba nao unaweza kuwahi, ila mimi naupa mwaka. Mlingoti mnene miaka miwili.

Mgeni wa Baridi

Shikamoo mama, asante mno. Kwa hiyo mipaini si mibaya? Na nikienda kununua nitajuaje, maana nimeshadanganywa mara moja?

Fundi Seremala

Nijibu hilo la mpaini. Kinachoziba bomba zaidi ni unyevu, na tabia ya kufunga mlango wa hewa mapema ili kuni zidumu. Mpaini mkavu kwenye moto wenye hewa ya kutosha hauna shida, ila unaisha haraka. Uwashie huo, kisha uweke mwati. Usichome mbao zenye rangi wala nguzo zilizotiwa dawa, moshi wake ni sumu.

Mama wa Uwemba

Marahaba mwanangu. Gonganisha vipande viwili: kavu inalia kwa sauti kali, mbichi inajibu kwa kishindo kizito. Tazama ncha, iwe na nyufa zinazotoka katikati, na gome liwe linabanduka kwa kidole. Ila usiishie nje, muuzaji akupasulie kimoja mbele yako na uguse ndani kwa shavu. Kukiwa na ubaridi, ni mbichi.

Kama una mizani ya jikoni, pima kipande cha gramu 1,000, kichanechane, kikaushe karibu na jiko siku kadhaa mpaka uzito usishuke tena. Kikibaki na 800 au zaidi, kuni zako ziko tayari. Kikibaki na 600, rudisha rundo lote upeponi.

Hizo ulizonazo zipasue upya kesho ziwe nyembamba, uzipange nje. Za kutumia wiki hii ziweke hatua moja kutoka kwenye jiko, zisiliguse, na usilale zikiwa zimeegemea hapo. Wakati huo nunua mabanzi makavu yakuvushe. Na nakuomba sana, baridi ikizidi usimwekee mtoto makaa kwenye beseni chumbani na mlango umefungwa. Mwongeze blanketi. Kikohozi kikiendelea, mpeleke zahanati.

Mgeni wa Baridi

Nimepasua kimoja sasa hivi, ndani ni cha baridi kama kimetoka mtoni. Kesho asubuhi naazima shoka kwa jirani.